Askofu Cheverus na brashi ya Gilbert Stuart, Boston 1823: picha iliyoagizwa na nyumba ya Kiprotestanti

Msomaji wa Picha (mtoa mada)

Wanajukwaa wenzangu, naleta kwenu picha moja ya rangi ya mafuta ambayo kwa maoni yangu inastahili kutazamwa kwa utulivu. Ni picha ya Jean-Louis Lefebvre de Cheverus, askofu wa kwanza Mkatoliki wa Boston, iliyochorwa na Gilbert Stuart mwaka 1823 na kuhifadhiwa sasa katika jumba la Museum of Fine Arts la mji huohuo. Stuart ndiye aliyemchora George Washington mwaka 1796 katika sura ile ambayo hadi leo imo kwenye noti ya dola moja, na kwa sababu hiyo watu wengi humjua kwa kazi hiyo tu, kana kwamba baada ya Washington hakuchora mtu mwingine wa kutajwa.

Kinachonivuta kwenye picha ya Cheverus ni aliyeiagiza. Picha ya askofu kwa kawaida huagizwa na jimbo lake, seminari yake au shirika lake, kisha hutundikwa mahali ambapo mapadre wapya wataiona na kujua walitanguliwa na nani. Hii iliagizwa na Bibi John Gore, mwanamke wa ukoo wa Kiprotestanti wenye mali na jina katika Massachusetts, ukoo uleule uliomtoa gavana Christopher Gore. Iliagizwa mwaka ambao askofu alikuwa akifunga safari ya kurudi kwao Ufaransa. Kwa hiyo ni picha ya kuagana, na waliotaka kubaki na sura yake ni watu ambao, kwa malezi yao, walifundishwa kumwogopa mtu wa namna yake.

Ninaposema kumwogopa sitii chumvi. Mwaka 1647 koloni la Massachusetts lilipitisha sheria kwamba Mjesuiti (mtawa wa Shirika la Yesu la Kanisa Katoliki) au padre yeyote mwenye daraja kutoka Roma akionekana katika koloni afukuzwe, na akirudi mara ya pili auawe. Kwa miaka mingi, kila tarehe 5 Novemba, vijana wa Boston walikokota mkokoteni wenye sanamu ya Papa mitaani, wakapigana makundi kwa makundi, kisha wakaichoma usiku. Ilibidi Washington mwenyewe, alipokuwa ameuzingira mji na jeshi lake mwaka 1775, awakataze askari wake kusherehekea siku hiyo, kwa sababu alikuwa akitafuta urafiki wa Wakatoliki wa Kanada. Katiba ya Massachusetts ya mwaka 1780 ilitoa uhuru wa kuabudu, lakini ikaamuru walimu wa dini wa Kiprotestanti wagharimiwe kwa fedha za umma, na ikamtaka kila ashikaye wadhifa wa serikali aape kukana mamlaka yoyote ya kigeni katika mambo ya dini. Kiapo hicho kiliondolewa mwaka 1821, yaani miaka miwili tu kabla ya Stuart kuchukua brashi na kumchora askofu huyu.

Cheverus alizaliwa Mayenne mwaka 1768, akapewa upadre Desemba 1790, wakati Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yakiwalazimisha mapadre kula kiapo cha utii kwa katiba mpya ya kanisa. Alikataa, akakimbilia Uingereza mwaka 1792, na mwaka 1796 akafika Boston kwa wito wa padre mwenzake Mfaransa, François-Antoine Matignon. Mwaka 1808 Boston ikafanywa jimbo la Kanisa Katoliki lenye askofu wake, na tarehe 1 Novemba 1810 Cheverus akawekwa wakfu mjini Baltimore na Askofu Mkuu John Carroll. Mapema mwaka 1823 Mfalme Louis XVIII alimteua kuwa askofu wa Montauban, na zaidi ya Waprotestanti 200 wa Boston wakatia saini ombi la kumsihi asiondolewe, wakieleza kwamba wanamhesabu kuwa baraka na hazina katika mji wao. Ombi halikusaidia. Ndipo picha ikachorwa.

Naomba tuijadili kama kazi ya sanaa na kama ushahidi wa historia, na ningefurahi sana kusikia kwa wanaojua uchoraji.

Shangazi wa Pangani

Ndugu mtoa mada, ahsante kwa mada nzito. Umetueleza chuki ilivyokuwa na umetueleza ombi la mwaka 1823, lakini katikati umeacha miaka 27. Watu waliochoma sanamu ya Papa hawakuamka asubuhi moja wakampenda askofu wake. Naomba nijazie, kwa sababu bila hiyo miaka 27 picha itabaki sura ya mtu mwenye tabasamu tu.

La kwanza ni homa ya manjano ya mwaka 1798. Waliokuwa na uwezo waliukimbia mji, lakini Cheverus alibaki akiwauguza wagonjwa bila kuuliza dini zao. La pili ni kanisa la Msalaba Mtakatifu katika mtaa wa Franklin, lililotabarukiwa na Carroll tarehe 29 Septemba 1803. Ramani yake ilichorwa na Charles Bulfinch, msanifu mkubwa kuliko wote mjini, Mprotestanti, naye hakutaka malipo. Wakatoliki wakampa birika kubwa la fedha kama shukrani. Katika orodha ya Waprotestanti waliochangia ujenzi, jina la kwanza lilikuwa la John Adams, rais wa pili wa Marekani.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi. Mwaka 1806 Waayalandi wawili, Dominic Daley na James Halligan, walihukumiwa kunyongwa huko Northampton, mji wa magharibi mwa Massachusetts, kwa mauaji ambayo ushahidi wake ulikuwa dhaifu mno. Waliomba padre, na Cheverus akasafiri hadi huko, ndani ya eneo ambalo padre alitazamwa kama mchawi. Tarehe 5 Juni, siku ya kunyongwa, maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika kuangalia, naye akawahubiria kutoka waraka wa kwanza wa Yohana, pale panaposemwa kwamba kila amchukiaye ndugu yake ni muuaji. Fikirini ujasiri wa kulisema neno hilo mbele ya umati uliokuja kufurahia kifo. Wale wawili walinyongwa hata hivyo. Mwaka 1984 gavana Michael Dukakis alitoa tangazo la kuwasafisha majina.

Sasa ukiutazama uso ule baada ya kujua Northampton, upole wake unakuwa na uzito mwingine kabisa. Ni upole wa mtu aliyekwisha kusimama mbele ya watu wenye hasira na hakurudi nyuma.

Fundi Rangi

Nimefundisha uchoraji kwa muda mrefu, kwa hiyo nitazungumzia mkono wa Stuart.

Stuart alizaliwa Rhode Island mwaka 1755, mtoto wa msagaji wa tumbaku ya ugoro. Mwaka 1775 alikwenda London na hatimaye akawa msaidizi wa mchoraji Benjamin West, akapata sifa mwaka 1782, kisha madeni yakamsukuma Dublin mwaka 1787. Huko Ireland, hadi mwaka 1793, aliwachora viongozi wa kanisa la Kianglikana pamoja na wakubwa wengine wa nchi. Kwa hiyo mwaka 1823, akiwa na umri wa miaka 67, kumchora askofu hakukuwa jambo geni kwake. Alijua jinsi mavazi ya kanisa yanavyoweza kumeza sura ya mtu, na alijua jinsi ya kuyazuia yasimmeze.

Njia yake ilikuwa ya pekee. Hakuanza kwa kuchora mistari ya sura kwa kalamu, bali aliweka rangi moja kwa moja kwa brashi, kwanza vivuli na mianga kwa ukungu, kisha akaukaribia uso hatua kwa hatua, mfano wa mtu anayetokea kwenye umande wa asubuhi na kukujia mpaka unamtambua. Mwanafunzi wake Matthew Harris Jouett aliandika mafundisho yake mwaka 1816, na katika maandishi hayo Stuart anasisitiza kwamba rangi zisichanganywe mpaka zikapoteza uhai, kila mguso ubaki na nafasi yake. Ndiyo maana ukiisogelea ngozi katika picha zake unakuta wekundu, manjano na kijivu vikiwa bado vimekaa kando kando, na ukirudi nyuma hatua chache vinaungana kuwa damu inayopita chini ya ngozi. Wachoraji wengi wa Marekani wa wakati ule walichora uso mgumu kama uliochongwa kwa mti, lakini nyuso za Stuart zinapumua.

Jambo jingine ni mazungumzo. Stuart alikuwa msimuliaji mashuhuri, na alizungumza na aliyekaa mbele yake muda wote ili uso usigande. Kwa Washington alishindwa, na ugumu ule tunauona kwenye noti. Kwa Cheverus alikuwa na mtu aliyezoea mazungumzo ya aina zote, msomi wa lugha za kale, aliyekaribishwa katika nyumba za wasomi wa Boston kwa miaka mingi. Naamini uhai wa uso ule umetokana na wote wawili.

Msisahau pia hali ya mchoraji. Mwishoni mwa maisha yake mkono ulikuwa ukitetemeka, na wenzake wamesimulia jinsi alivyouinua ukiyumba kisha akautuliza kwa mguso mmoja ulio sahihi. Katika kipindi hichohicho cha 1823 alimchora pia John Adams, mzee wa miaka 88, picha ambayo wengi tunaihesabu kati ya kazi zake bora za uzeeni. Kwa hiyo yule rais aliyeongoza orodha ya wachangiaji wa kanisa na yule askofu aliyelihudumia walipita mbele ya jicho lilelile karibu wakati mmoja. Kama ningepewa ukuta mmoja, ningewatundika jirani.

Mchambuzi wa Ziwa

Nimesoma kwa heshima, lakini nina pingamizi, na naomba lipokelewe kama mchango.

Picha hii inatuonyesha askofu jinsi sebule za matajiri zilivyomwona. Mtu kama Bibi Gore alikuwa na uwezo wa kumlipa Stuart, mchoraji wa bei kubwa kuliko wote mjini. Lakini waumini wa Cheverus walikuwa nani? Walikuwa Waayalandi wabeba mizigo na watumishi wa ndani, Wafaransa wachache waliotupwa na vita, na huko kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Maine, Wapenobscot na Wapassamaquoddy, watu wa asili waliokuwa Wakatoliki kabla hata Boston haijawa na padre. Cheverus alijifunza lugha yao na alikwenda kukaa nao kwa majuma kadhaa kila mwaka, akisafiri kwa mtumbwi na kwa miguu. Nao walimpoteza mwaka 1823, na hakuna turubai yoyote inayotuonyesha machozi yao. Tukisema picha ni ushahidi wa mapenzi ya mji, tuseme wazi ni mapenzi ya sehemu gani ya mji.

Pili, tumtazame aliyemweka wakfu. Stuart alimchora John Carroll pia, karibu mwaka 1804, na picha hiyo ipo Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho Carroll alikiasisi. Carroll alizaliwa Maryland mwaka 1735, akawa askofu wa kwanza Mkatoliki wa Marekani, akawekwa wakfu tarehe 15 Agosti 1790 katika kanisa la kasri la Lulworth nchini Uingereza. Alikuwa mtu mkubwa, na mwaka 1776 alifuatana na Benjamin Franklin hadi Kanada kwa kazi ya taifa linalozaliwa. Lakini yeye mwenyewe alimiliki watumwa, na mashamba ya Wajesuiti wa Maryland, ambayo ndiyo yaliyobeba kazi ya kanisa la huko, yalilimwa na watumwa. Mwaka 1838, Carroll akiwa amekwisha kufariki, Wajesuiti hao waliuza watu 272, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya Georgetown. Chuo kiliomba radhi rasmi mwaka 2017 na kulipatia jengo moja jina la Isaac Hawkins, ambaye jina lake ni la kwanza katika hati ya mauzo.

Picha ya Carroll haituambii hayo. Tunaona uso wenye busara na msalaba kifuani. Je, tunaweza kuiamini picha ya Cheverus zaidi ya ile?

Msomaji wa Picha (mtoa mada)

Ndugu Mchambuzi, pingamizi lako ni zito, na sitalikwepa.

Kuhusu sebule za matajiri nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Wapenobscot hawakuwa na Stuart, na Muayalandi mbeba mizigo hakuweza kulipia hata fremu. Hata hivyo naona kosa lingekuwa kuitaka picha ya mtu mmoja ibebe ushahidi wa kila kitu. Tunapaswa kuiuliza inachojua. Picha ya Carroll inajua jinsi askofu wa kwanza wa taifa jipya alivyotaka kuonekana mbele ya taifa hilo, yaani msomi, raia, mtu asiye mgeni. Familia yake ilikuwa ya wamiliki wa ardhi wa Maryland kwa vizazi, na binamu yake Charles Carroll alitia saini Azimio la Uhuru. Heshima ile unayoiona usoni ilisimama juu ya ardhi, na ardhi ililimwa na watu wasio huru. Kwa hiyo mimi husema picha yake haidanganyi, ila mtazamaji anapaswa kujua nani amebeba kile kiti alichokalia. Umefanya vema kumtaja Isaac Hawkins hapa, na ningependa kila anayeandika juu ya picha ya Georgetown afanye hivyo.

Cheverus alikuwa katika hali tofauti. Alikuja Boston akiwa mkimbizi bila ardhi wala ukoo, akiongea Kiingereza alichojifunzia uhamishoni. Nyuma ya kiti chake hakukuwa na shamba. Alichokuwa nacho mbele ya mchoraji ni sifa aliyoichuma mwenyewe katika miaka ile ambayo Shangazi ametusimulia. Hiyo ndiyo sababu naiona picha yake kuwa nadra, kwa maana ni mara chache mtu asiye na chochote anachorwa na mchoraji wa Washington kwa fedha za watu wa dini nyingine.

Lakini niongeze jambo ambalo linaipa hoja yako nguvu zaidi kuliko ulivyoipa mwenyewe. Mwaka 1820, chini ya Cheverus, masista Waursula walikuja Boston kufundisha wasichana, na mwaka 1826, chini ya mrithi wake Benedict Fenwick, wakahamia ng'ambo ya mto, Charlestown, ambako wanafunzi wao wengi walikuwa mabinti wa familia za Kiprotestanti zenye uwezo. Usiku wa tarehe 11 Agosti 1834 kundi la wanaume liliivamia nyumba ile, likawafukuza masista na watoto, na likaiteketeza kwa moto. Picha ya Stuart ilikuwa na miaka 11 tu. Kwa hiyo atakayesema kwamba mwaka 1823 Boston ilikuwa imeponywa atakuwa amekosea vibaya. Urafiki wa nyumba za juu haukushuka hadi kwa vibarua wa matofali waliowaona Waayalandi kuwa wanakuja kuwanyang'anya kazi. Cheverus alikuwa ameshika pande zote mbili kwa mikono yake mwenyewe, na alipoondoka hakukuwa na mwingine wa kuzishika. Matignon alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1818, na Fenwick alifika mwaka 1825 akikuta jimbo linalofurika wahamiaji.

Ninapoitazama picha nikijua moto ule unakuja, naisoma kama hati ya kitu kilichowezekana kwa muda, baina ya watu fulani waliotajwa majina, katika mji uleule uliokuja kuchoma nyumba ya masista. Sijui namna nyingine ya kuisoma kwa haki.

Shangazi wa Pangani

Mwanangu Mchambuzi, umesema kweli kuhusu Wapenobscot, na nakuunga mkono. Ila usisahau kwamba Northampton hakukuwa na sebule. Alikwenda kwa maskini wawili wasio na mtu, na hakuna tajiri aliyempigia makofi kwa hilo. Matajiri walimpenda pamoja na hilo, na baadhi yao kwa sababu ya hilo. Hapo ndipo namheshimu Bibi Gore, kwa kuwa alijua vizuri ni mtu gani anayemtundika nyumbani kwake.

Mgeni wa Jukwaa

Wakubwa zangu, shikamooni. Nina maswali mawili mafupi. Picha ilifikaje jumba la makumbusho kutoka nyumba ya Bibi Gore? Na je, askofu mwenyewe aliishia wapi?

Msomaji wa Picha (mtoa mada)

Marahaba. Picha ilibaki katika familia. Binti wa ukoo huo, Louisa Gore, aliolewa na Horatio Greenough, yule mchongaji wa sanamu kubwa ya Washington iliyoketi, na binti yao Charlotte, aliyeolewa Ufaransa, ndiye aliyeiacha kwa wasia. Museum of Fine Arts iliipokea mwaka 1921. Imedumu kuliko kanisa lenyewe la mtaa wa Franklin, ambalo liliuzwa na kubomolewa katika miaka ya 1860 mtaa ulipogeuka kuwa wa maghala na maduka. Anayetaka kuona Boston ya Cheverus leo hana jengo la kuingia, ana turubai hii yenye urefu wa zaidi kidogo ya sentimita 90.

Askofu aliondoka msimu wa vuli mwaka 1823 akiwa ameliachia jimbo nyumba na maktaba yake. Meli yake ilipatwa na dhoruba na kukwama karibu na pwani ya Ufaransa, lakini yeye alinusurika. Alikuwa askofu wa Montauban, kisha mwaka 1826 akawa Askofu Mkuu wa Bordeaux. Februari 1836 Papa Gregori XVI alimfanya kardinali, na tarehe 19 Julai mwaka huohuo akafariki.

Fundi Rangi

Niongeze kwa mgeni wetu kwamba kwao Mayenne ipo sanamu ya shaba ya Cheverus iliyotengenezwa na David d'Angers, mmoja wa wachongaji wakubwa wa Ufaransa wa karne ya 19. Ile ni kazi ya uwanja wa mji, ya kutazamwa kutoka chini na umati, na inamtukuza kardinali aliyekwisha kufariki. Ya Stuart ilichorwa mtu akiwa hai, amekaa karibu na mchoraji kiasi cha kunyoosha mkono, na ikakusudiwa kutazamwa na watu waliokuwa wakimfahamu na ambao wangegundua mara moja kama mdomo umekosewa. Kwa mwanafunzi wa uchoraji hilo ndilo sharti gumu kuliko yote, na Stuart alilitimiza akiwa na mkono unaotetemeka.

Mchambuzi wa Ziwa

Nimeridhika na majibu, hasa kuhusu mwaka 1834. Naandaa mada inayofuata juu ya Joshua Johnson, mchoraji mweusi wa Baltimore aliyepewa uhuru mwaka 1782 na kufanya kazi katika mji uleule wa Carroll, ili tuitazame Maryland kutoka upande wa mwenye brashi.